Kelele ni ya cheni au ya gia boksi? Jibu kwa mwalimu wa Kibosho

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nafundisha Moshi mjini na naishi Kibosho. Natumia Honda CG125 ya zamani aliyoniachia baba, aliyekuwa bwana shamba. Tangu masika yaishe ina kelele ya kusaga yenye kugonga-gonga, naisikia karibu na goti la kushoto. Ikiwa imesimama inaunguruma vizuri tu, hata nikivuta resi. Kelele inaanza nikifika spidi ishirini, inazidi nikipanda na mzigo, na nikishika klachi inapungua lakini haiishi. Fundi wa kwanza amesema ni taimingi cheni. Wa pili anasema gia boksi imekwisha, ifunguliwe, na anataka laki mbili na nusu kabla ya vifaa. Cheni ilikuwa imelegea sana, mwezi wa tatu ikapunguzwa pingili mbili, kwa hiyo sasa imekaza vizuri. Kava la cheni lilishatolewa zamani. Nianzie wapi? Na je, naweza kuendelea kuitumia mpaka mshahara utoke?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Laki mbili na nusu ibaki mfukoni kwanza, na injini isifunguliwe na mtu yeyote wiki hii. Katika maelezo yako umeweka mambo matatu ambayo wateja wengi hawayasemi mpaka uwabane: ikisimama na kuvutwa resi imenyamaza, kelele inaanza pikipiki ikitembea, na klachi inaipunguza bila kuiua. Mambo hayo matatu yameshafanya nusu ya kazi.

Kelele ya pikipiki huwa na bwana wake. Nyingine humfuata injini: ukivuta resi umesimama inapanda, ukiachia inashuka, gurudumu lisiwe na habari. Nyingine humfuata gurudumu: hata ukizima injini kwenye mteremko ipo, na kasi yake ni ya tairi. Halafu kuna inayofuata mzigo, yaani inabadilika kulingana na injini inavuta, inavutwa, au vyote vimelegea. Yako inamfuata gurudumu, na mzigo unaichochea. Kwa hiyo pistoni, valvu na kila kilicho juu ya krankesi (lile ganda la chini la injini) vimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Vingekuwa na kosa, ungevisikia ukiwa umesimama uani kwako unavuta resi.

Hapo fundi wa kwanza amepotea mara mbili. La kwanza, taimingi cheni, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, nayo ungeisikia ukiwa umesimama. La pili ni kubwa zaidi: CG125 haina taimingi cheni. Honda walianza kuitengeneza katikati ya miaka ya 1970 wakiwafikiria watu wanaobebesha pikipiki mizigo mizito na kuipeleka sevisi pale inapobidi tu. Katika injini ile valvu zinasukumwa na pushrodi, zile fito mbili zinazopanda kutoka chini, na kemu, shafti inayozisukuma fito hizo, inazungushwa na gia. Hakuna cheni ndani wala kikaza-cheni cha kuchakaa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiwe vyetu zimenakili injini hiyohiyo, kwa hiyo wapo watu wengi wameshalipia taimingi cheni ambayo haimo. Bajaj Boxer inayo, na nadhani ndipo fundi wako alipoizoea. CG huwa na mlio wake mwembamba wa tik-tik juu, huo ni wa valvu na ni tabia yake. Nafasi ya valvu kwa Honda hiyo ni milimita 0.08, zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Ukiikuta sawa, usiibane zaidi ili kunyamazisha mlio, maana valvu isiyofunga vizuri huungua kimyakimya.

Fundi wa pili simcheki. Shafti inayotoka gia boksi na kubeba sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, imeunganishwa na gurudumu kwa cheni, hivyo gurudumu likizunguka nayo inazunguka, klachi uishike usiishike. Beringi yake ikifa, kelele itamfuata gurudumu, itakuwa kushoto karibu na goti lako, na itazidi ukipanda. Ni maelezo yako kabisa. Ila cheni mbovu na sproketi iliyolika nazo zitafanya hivyohivyo, mahali palepale, na kukagua cheni hakugharimu hata shilingi. Kufungua gia boksi ya CG maana yake ni kushusha injini na kuipasua krankesi katikati. Huanzi huko.

Mimi dau langu naliweka kwenye cheni na sproketi ya mbele, na sababu kubwa ni ile sentensi uliyoiandika kama habari njema: cheni imepunguzwa pingili mbili.

Watu husema cheni imerefuka, wakadhani chuma kimevutika. Bapa za cheni hazijavutika. Kilichotokea ni kwamba kila pini imelika ndani ya bushi yake, nafasi kidogo sana, na ukijumlisha pingili mia na ushee nafasi hizo zinakuwa vidole viwili vya ulegevu. Pikipiki yako inatumia cheni namba 428. Mpya, umbali kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7, na sproketi nazo zimechongwa meno yake kwa umbali huohuo. Cheni ikilika, umbali huo unakua, na rola, vile vijibomba vinavyozunguka juu ya bushi, hazikai tena kwenye mashimo kati ya meno, zinapanda ubavu wa jino. Ukikata pingili mbili unaondoa ulegevu unaouona kwa macho, lakini zile zilizobaki kila moja bado imelika vilevile. Cheni sasa imekaza na bado haiendani na meno. Inapopanda sproketi ndogo ya mbele, ambako inajikunja zaidi kuliko mahali popote, kila rola inatua juu kidogo ya inapotakiwa, kisha ikivutwa inateleza kwenda mahali pake kwa kishindo. Ukiwa na mkungu wa ndizi nyuma na unaupanda mlima wa Kibosho kwa gia ya pili, vishindo hivyo vinakuja kwa maelfu kila dakika. Sikio lako halitavitenganisha, litasikia kusaga tu. Ukishika klachi mzigo unaondoka, vishindo vinapungua nguvu, lakini cheni bado inazunguka, kwa hiyo kelele haiishi.

Pima, usiniamini mimi. Chukua futi ya chuma au tepu ya fundi seremala. Weka pikipiki kwenye dabo stendi, vuta cheni ya chini iwe imenyooka, hesabu kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya ishirini na moja. Hapo kuna nafasi 20. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, haina mjadala. Pima sehemu tatu au nne tofauti za cheni, maana hailiki sawasawa. Kipimo cha haraka zaidi ni kushika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta kwa nyuma: ikiachana na sproketi hadi ukaona nusu ya jino chini yake, usihangaike na tepu.

Kuhusu cheni isiyolika sawasawa nikae kidogo, kwa sababu ndiyo inayodanganya mafundi wengi. Ukiwa bado kwenye dabo stendi, injini imezimwa, gia nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu na kila robo mzunguko simama, pandisha na kushusha cheni ya chini kwa kidole katikati yake. Ukikuta mahali inacheza sentimita mbili na mahali pengine nne na nusu, cheni hiyo imeshakufa hata kama tepu imekupendelea. Na aliyeikaza akiwa amesimama kwenye sehemu yenye ulegevu ameifanya ile sehemu ngumu iwe kama uzi wa gitaa. Hapo sasa ndipo beringi ya ile shafti inapoanza kuuawa, na fundi wa pili anaweza kujikuta amesema kweli miezi sita kabla ya wakati.

Naomba hapa nisimame kwa ajili ya vidole vyako. Ukaguzi wote wa cheni ufanywe injini ikiwa imezimwa na unazungusha kwa mkono. Usiwashe injini, ukaweka gia na kuipangusa au kuipaka oili cheni inayokwenda. Kati ya cheni na sproketi kidole hakina muda wa kurudi.

Sasa, kabla hujashika spana, toka nayo asubuhi magari yakiwa machache. Nenda mahali penye mteremko mpole na ukuta mrefu pembeni, wa shule au wa kanisa. Ukuta unakurudishia sauti ambayo chini ya kofia huisikii. Shuka ukiwa spidi thelathini, weka nyutro, zima injini, breki ziwe tayari. Kelele ikibaki vilevile, injini na klachi vimetoka kabisa. Ikibadilika kuwa mvumo laini usio na kugonga, fikiria beringi. Ikiwa ni kugonga kwa kuhesabika, hesabu.

Kuhesabu huku ndiko kunakotofautisha kubahatisha na kujua. Tia alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye pingili moja ya cheni. Tuseme sproketi yako ya nyuma ina meno 42, ya mbele 14, na cheni ina pingili 112. (Za kwako zihesabu mwenyewe, pikipiki ya umri huo huwa imeshabadilishwa sproketi na kila mtu na alichokipata dukani.) Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ya mbele imezunguka mara tatu. Cheni nzima inahitaji mizunguko karibu miwili na theluthi mbili ya gurudumu ili ile pingili yenye chaki irudi ilipoanzia. Kwa hiyo: mlio wa kugonga unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa tairi unatoka kwenye gurudumu, breki au sproketi ya nyuma. Unaokuja mara tatu kwa kila mzunguko unatoka sproketi ya mbele au shafti yake. Unaokuja kwa nadra, kila tairi ikikaribia mizunguko mitatu, upo kwenye cheni yenyewe, na mara nyingi utakuta ni jointi yenye kilipu au pingili iliyoshika kutu haikunji. Pingili kama hiyo utaiona kwa macho ikitoka kwenye sproketi ya nyuma: inabaki imepinda wakati wenzake wamenyooka.

Kwa mkono unaweza kuhesabu taratibu kabisa. Barabarani ni vigumu ila inawezekana: tairi ya inchi 18 ya pikipiki yako ina mzunguko wa karibu mita 1.9, kwa hiyo ukiwa spidi ishirini inazunguka takriban mara tatu kwa sekunde. Kugonga mara tatu kwa sekunde ni kitu ambacho sikio linakifuata. Mara tisa kwa sekunde tayari ni mkwaruzo. Ulipoandika "kusaga" na si "kugonga" pekee, nami nikaegemea mbele zaidi kuliko nyuma.

Hukuniambia kelele ikoje ukishuka kutoka nyumbani asubuhi, na ninyi wa Kibosho mna maabara bora kuliko watu wa tambarare. Shuka ukiwa kwenye gia, mafuta umeachia, injini inazuia. Hapo cheni ya juu inalegea na ya chini ndiyo inakaza, na meno yanashikwa kwa mgongo badala ya uso. Kusaga kukipotea kabisa wakati huo na kurudi ukipanda jioni, meno yamelika upande wa kuvutia, ambao ndio unaotumika siku zote. Kukibaki sawa kwa kupanda na kushuka, beringi inapanda kwenye orodha. Kukigeuka kuwa kupigapiga kwa cheni, ulegevu ni mkubwa au raba za kwenye habu ya nyuma zimekwisha. Na kama kila ukiachia mafuta na kuvuta tena unasikia "kong!" moja nzito, hizo raba zitazame mapema: shika sproketi ya nyuma ukizuia gurudumu kwa mguu, izungushe mbele na nyuma. Icheze kidogo kwa ukinzani wa raba. Ikicheza ovyo chuma kwa chuma, raba zimegeuka unga.

Turudi mbele. Fungua kava dogo la kushoto linalofunika sproketi ya mbele. Kwa pikipiki iliyopita masika ya Kibosho bila kava la cheni, nitashangaa usipokuta udongo mwekundu uliochanganyika na grisi, umekauka na kuwa tofali. Mara nyingine kelele yote ni hiyo: cheni inakata njia yake ndani ya tope kavu lenye kokoto. Kwangua, safisha kwa mafuta ya taa na brashi, tazama meno. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililolika limeinama upande mmoja, limechongoka. Sproketi ndogo hulika mapema kuliko kubwa kwa sababu rahisi tu, kila jino lake linashika cheni mara tatu wakati jino la nyuma linashika mara moja. Wengi hukagua ya nyuma kwa kuwa ndiyo inayoonekana, wakaipitisha, wakaacha ya mbele ambayo imeshakuwa msumeno.

Ukiwa hapohapo, angalia kile kibapa kinachoizuia sproketi isitoke kwenye shafti na bolti zake mbili ndogo. Zikilegea, sproketi inatembea na kukwaruza krankesi, na utaona alama ya chuma kinachong'aa. Kisha legeza cheni, shika sproketi na uitikise. Ikisogea kidogo kwenda kushoto na kulia juu ya shafti, sawa, imeumbwa iwe hivyo. Ikizunguka kidogo mbele na nyuma, sawa pia, hiyo ni nafasi ya meno ya gia ndani. Ila ukiinyanyua juu na kuishusha na shafti yenyewe ikafuata, hata kwa unywele, basi beringi imekwisha na namtaka radhi fundi wa pili. Ushahidi wa pembeni ni oili inayovuja nyuma ya sproketi: sili inashindwa kuishika shafti inayoyumba. Kuvuja peke yake hakuthibitishi, sili nayo huzeeka.

Nyuma nitapita haraka. Tikisa gurudumu kwa kushika juu na chini, kisha upande na upande. Likicheza ndani ya swingamu, ule mkono unaolishika gurudumu la nyuma, ni beringi za gurudumu, swingamu yenyewe ikicheza kwenye chesesi ni bushi zake. Gusa breki ya nyuma kwa wepesi ukiwa unatembea: kelele ikibadilika hapohapo, fungua dramu kabla ya kingine.

Baada ya yote hayo, kama bado una shaka kati ya cheni na gia boksi, kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Toa cheni. Tafuta jointi, chomoa kilipu kwa koleo, ivue cheni yote. Kwanza sukuma pikipiki barabarani, au ishuke kimteremko bila cheni. Ikinyamaza, gurudumu na breki ni wasafi. Kisha iweke kwenye dabo stendi, hakikisha hakuna mtu wala kitambaa karibu na ile sproketi ya mbele, washa, shika klachi, weka gia ya kwanza, achia, vuta mafuta kidogo. Panda mpaka ya mwisho. Chukua bisibisi ndefu, mdomo wake uuguse krankesi mbali na sproketi, mpini uuegeshe sikioni. Beringi iliyoharibika inakwaruza kama mchanga hata bila mzigo. Gia nzima inavuma tu. Sauti ikija kwenye gia moja na kupotea kwenye nyingine, tatizo ni jozi ya meno ya gia hiyo. Ikiwa kwenye zote, ni beringi. Ikiwa kimya, umeokoa laki mbili na nusu, na ile cheni iliyolala sakafuni ndiyo mhalifu.

Ukweli ni kwamba gia iliyopasuka jino kidogo inaweza kunyamaza bila mzigo. Kwa hiyo mwaga oili injini ikiwa ya moto, kwenye beseni safi, na uchomoe lile chujio la wavu. CG ina oili moja inayolainisha injini, klachi na gia, kwa hiyo kinachovunjika ndani kitaonekana humo. Pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu kidogo ni umri. Vipande vyenye kona, unavyovishika kwa kucha na vinavyorukia sumaku, ni jino au beringi, na hapo ndipo gereji inapopata haki ya kufungua. Ukirudisha oili, weka ya pikipiki yenye maandishi ya JASO MA kwenye chupa. Baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze, kisha utaniandikia barua nyingine.

Naomba pia uulize swali moja kwa yeyote atakayekaza cheni yako: alikaza mtu akiwa amekaa juu? Ukikaa na kubeba mzigo, swingamu inapanda, na kuna mahali ambapo shafti ya mbele, egemeo la swingamu na ekseli ya nyuma vinakaa kwenye mstari mmoja. Hapo cheni huwa imekaza kuliko wakati wowote. Iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi, bila nafasi, itakuwa inavuta shafti kila ukiweka mkungu nyuma. Kwa pikipiki za aina hii milimita 20 hadi 30 za kucheza katikati ya cheni ya chini zinatosha, zikipimwa kwenye sehemu ngumu kuliko zote. Mimi mbebaji wa mizigo namwachia karibu na 30, kelele kidogo ya cheni inavumilika.

Vifaa: nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya zamani italia siku ileile na italika haraka. Nenda dukani na hesabu ya meno uliyoihesabu mwenyewe na idadi ya pingili zinazotakiwa kabla ya kupunguzwa, yaani za sasa ongeza mbili. Ukifunga kilipu, upande wake uliozibwa uelekee inakokwenda cheni, ulio wazi ufuate nyuma. Kinyume chake, kitu kidogo kikikigusa kitachomoka. Na kama baba yako hakutupa yale makava mawili ya chuma ya cheni, yatafute stoo. Najua vijana huyatoa kwa kuwa yanalia na yanafanya pikipiki ionekane ya kizee. Vumbi letu la mlima ni la volkano, lina ukali wa msasa, na Honda walifunika cheni hiyo makusudi. Yakilia, mara nyingi ni bolti zimelegea au cheni imelegea inayapiga.

Kulainisha, tumia oili ya gia namba 90, kwenye upande wa ndani wa cheni ya chini, jioni cheni ikiwa bado ina joto la safari, kisha futa ya nje kwa kitambaa. Grisi haiingii kwenye rola, inabaki nje kukusanya vumbi. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ina unga wa chuma ndani yake, na sijui nani alituambia ni dawa ya cheni.

Kuhusu kusubiri mshahara: inategemea tikiso la gurudumu na la shafti. Kimoja kikicheza, panda daladala. Vyote vikiwa imara na shida ni cheni na meno tu, safisha, paka oili, kaza kwa kipimo nilichokupa, kilipu ukikague kila asubuhi, usibebe mzigo na usizidishe spidi arobaini. Cheni ikiruka jino hata mara moja ukipanda, simama hapohapo na uikokote. Cheni inayokatika hujikusanya mbele, na krankesi ya CG upande huo ni alumini nyembamba, ikitobolewa ndipo utakapofungua injini kweli. Ikijikunja nyuma inafunga gurudumu, na kwenye ule mteremko wenu sitaki hata kufikiria. Seti ukishaifunga, tembea wiki moja, pima ulegevu tena kwa kuwa cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni, halafu niandikie imebaki sauti gani ukishuka na gia.